Dawa Waliyopewa Sungura

Dada yangu unayesoma haya huku umeinua miguu juu ya kiti, sina habari njema nyingi za kukupa. Niko hai, hiyo ni moja. Zilizobaki nitakueleza zilivyokuwa, kwa maana mimi nilipovimba hakuna aliyenieleza chochote, na walionieleza walinichagulia yale matamu tu. Mimi si mtoto wa kutafuniwa. Niliapa kwamba nikipata nguvu za kushika kalamu nitaandika yote, machungu na matamu, na matamu nakuambia mapema kwamba ni machache.

Wazungu wana jina lao refu la ugonjwa huu. Sisi twauita kifafa cha mimba, ingawa kifafa chenyewe huja mwisho. Mwanzo wake ni miguu. Mtoto wangu wa kwanza ugonjwa huu ulimchukua kwetu Bunyore, wakati wa kuvuna mtama. Nilianguka shambani, na nilipozinduka nilikuwa nimelala hospitali ya misheni, ulimi umekatika kwa meno yangu mwenyewe, tumbo limenywea. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumzika mtoto nyuma ya migomba. Sikumwona. Nilipouliza alifanana na nani, aliniambia ninywe uji.

Ndipo Zakaria, mume wangu, alipokwenda Nairobi kutafuta kazi, nami nikamfuata. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Wakikuyu wengi walikuwa wamefungiwa na kuhamishwa, na watu wa kwetu magharibi walikuwa wakichukuliwa kazi upesi. Zakaria aliandikwa katika maabara moja ya wanyama upande wa Dagoretti, si mbali na Waithaka, akapewa na chumba kimoja cha mabati kwenye laini ya wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa kulisha sungura na kuosha vizimba. Daktari aliyewatumia sungura hao alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mafua yasiyokwisha na leso mfukoni. Sisi tulimwita Daktari wa Sungura, naye alijua.

Jioni moja Zakaria alinijia na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Rabeka," akasema, "yule Daktari anatafuta dawa ya ugonjwa wako."

"Kwa sungura?"

"Kwa sungura."

Nilicheka. "Kwani sungura nao hupata kifafa cha mimba?"

"Hawapati. Yeye ndiye huwapa. Huwapasua wakiwa na mimba, akaubana ule mshipa unaopeleka damu kwenye mji wa mimba. Baada ya siku chache presha yao inapanda, kama ile yako. Halafu nusu anawapa dawa, nusu anawaacha."

"Na wanaopewa?"

"Presha inashuka," akasema. "Wanakula. Wanapona."

Sikulala vizuri siku hiyo kwa furaha. Watu wa kanisani waliniambia nimtumaini Mungu, nami nilimtumaini, lakini nilimtumaini na yule Mzungu mwenye mafua pia.

Siku moja nilikwenda kuwaona. Zakaria alimfunga sungura jike katika kipande cha blanketi, masikio tu yakabaki nje, akamkumbatia kifuani huku Daktari akimpima presha sikioni, mahali aliponyoa manyoya. Mnyama alitulia kabisa mikononi mwake. Kizimba cha pili alikuwamo mwingine aliyekaribia kuzaa. Alikuwa anajing'oa manyoya ya kifua kwa meno, akiyapanga pembeni kuwa kitanda cha watoto, mpaka ngozi ikaonekana nyekundu. Nilimwambia Zakaria mwanamke ni mwanamke popote. Hakucheka, na wakati huo sikujua kwa nini.

Mvua za masika zilipoanza nilikuwa na mimba tena. Zakaria akaandika nyumbani, na mama yake akaja kwa gari la moshi, na jogoo kwenye kikapu na sheria za nyumba kichwani. Nampenda mama mkwe wangu, nataka ijulikane, lakini alipoingia katika kile chumba cha mabati hewa ilipungua. Sheria yake ya kwanza ilikuwa ile ya kwetu, ambayo hata Wakristo hatujaiacha: mbele ya mwenye mimba kifo hakitajwi, na kifo cha kichanga hakitajwi hata nje ya mlango. Mke wa jirani yetu alipoharibikiwa na mimba, niliambiwa amesafiri. Nikamwona kisimani siku ileile, tukaamkiana, nami nikajifanya namkaribisha kutoka safari.

Kwa hiyo kila jioni Zakaria aliporudi nilimwuliza habari za sungura, naye alinijibu. Yule mweupe presha imeshuka. Yule mwenye sikio lililopasuka anakula majani kama kawaida. Yule mkubwa amepona kabisa. Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nilikusanya majibu hayo kama mtu anayeweka akiba.

Nilikuwa nikishona nyumbani kwa cherehani ya mkono, kazi nikiitoa kwa ajuza mmoja wa Kihindi, Parklands, ambaye wajukuu wake walimwita Ba, na mimi nikamwita hivyohivyo. Baridi ya Juni ilipoingia, nilikuwa nimekaa kwenye veranda yake nikikunja upindo wa sketi ya mjukuu, nikatafuta subana yangu, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole kisichomwe na sindano. Haikuingia. Nikajaribu kidole kingine, nacho kikakataa. Ba aliniangalia, akainama akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, halikujaa.

"Iko maji ndani," akasema. "Rabeka, wewe kwenda hospitali leo. Hapana kesho. Hii nguo acha."

"Ba, ni baridi tu."

"Mimi nimezika binti moja kwa hii baridi," akasema Ba, akaninyang'anya sketi.

Nilimkasirikia moyoni kwa kutaja hilo mbele yangu. Leo namshukuru. Katika watu wote wa mwaka ule, ni yeye peke yake aliyenitajia kaburi nilipohitaji kulisikia.

Kliniki ya mjini ilikuwa benchi refu. Ukija kwenye ugonjwa huu, dada, jizoeze benchi. Tulikaa wanawake bega kwa bega, kila mmoja na chupa ya mkojo wake imefungwa kwa karatasi, tukisogea kila jina lilipoitwa, mpaka ubao ukawa umetunyoosha nguo. Karani aliuliza, "Mama nani?" na kila mmoja alitaja mtoto wake. Nilipofikiwa nikasema, "Rabeka." Akauliza tena, "Mama nani?" Nikasema, "Andika Rabeka, au macho yako pia yamevimba?" Wanawake wakacheka, lakini mimi sikuwa nimechekesha.

Nesi alichemsha mkojo wangu kidogo kwenye kichupa cha kioo, juu ya taa ya spiriti. Wa wenzangu ulibaki maji. Wangu uligeuka mweupe, ukaganda kama ute wa yai. Akaniuliza kama kichwa kinaniuma, kama naona nyota, nikasema hapana. Naye akasema, "Mama, mficha uchi hazai. Sema kweli." Basi nikasema. Kichwa kilikuwa kinauma wiki nzima, na jioni macho yaliona vimulimuli ndani ya nyumba isiyo na mdudu.

Matibabu ya kwanza yakawa kitanda na kunyimwa chumvi. Nirudi nyumbani, nilale kwa ubavu, nisionje chumvi hata punje. Mama mkwe alilia. Kwake mboga bila chumvi ni chakula cha wafungwa. Siku ya tatu mboga zikarudi kuwa na ladha, nikala sahani mbili bila kuuliza. Alikuwa anachoma maganda ya maharagwe, anachuja maji kwenye majivu yake, anapikia hayo maji, kama wanavyopika kwetu. "Daktari amekataza chumvi ya duka," akasema. "Haya ni majivu." Nilipomweleza nesi alishika kichwa. Kama yalinidhuru au hayakunidhuru, sijui mpaka leo, wala sikumruhusu mtu yeyote amlaumu yule mama kwa hilo. Alikuwa ananipikia nile.

Lakini uso uliendelea kuvimba. Asubuhi moja nilijitazama kwenye kioo nikamwona mwanamke mnene nisiyemjua, macho kama mikato miwili kwenye unga. Zakaria alisema nimependeza. Nikamrushia kiatu, ambacho kwa vyovyote hakikuwa kinaingia tena.

Julai, kwenye manyunyu yale ya Nairobi yasiyonyesha wala kukatika, walinilaza. Chumba chetu kiliwekewa mapazia meusi mchana, kwa sababu mwanga na kelele huamsha kifafa. Tulisema kwa minong'ono. Kila saa walikuja kufunga ule mpira wa presha mkononi, na jioni walinichoma sindano ya usingizi iliyonifanya ulimi uwe mzito. Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Waithaka, Mama Njeri, ambaye ilibidi aombewe kibali cha kutoka kijijini kwao ili aje kuumwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kulala na kiganja tumboni na kumsikiliza mtoto. "Akikupiga teke mshukuru," aliniambia. "Akinyamaza, mwamshe na maji baridi." Ba alimtuma mtu wake mara mbili na wali wa dengu usio na chumvi, tukala na Mama Njeri kutoka bakuli moja.

Asubuhi moja kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nesi alisema amehamishwa. Nikauliza amehamishiwa wodi gani, akageuka kurekebisha pazia.

Nikajua. Nikajifunika shuka, nikamtumaini Daktari wa Sungura kwa nguvu zangu zote.

Daktari wa wodi, naye Mzungu, alikuja siku hiyohiyo na Zakaria amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema maneno mafupi. Ugonjwa huu una dawa moja tu ya hakika, nayo ni kuzaa. Wakinizalisha sasa, mtoto hajatimiza miezi saba, hataishi. Wakingoja, huenda nisiishi mimi. Alitaka jibu kabla ya kesho.

"Kuna dawa nyingine," nikasema. "Mume wangu anaifahamu. Niwekee mtoto mpaka miezi minane, kwa ile dawa."

Daktari wa wodi alikunja uso, lakini habari za kazi ile alikuwa amekwisha kuzisikia. Zakaria akatumwa. Mchana akarudi na Daktari wa Sungura, ameshika leso yake na chupa ndogo ya kahawia. Nilipoiona ile chupa nililia kwa furaha, na sikuona haya. Nilikuwa nimeingoja tangu kabla mimba haijaingia.

"Mama," akasema Daktari kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "hii dawa mimi nimejaribu kwa sungura tu. Kwa mtu mgonjwa namna hii, hapana bado. Lakini presha nashuka mzuri sana. Wewe nataka?"

"Nataka."

"Bwana yako nataka?"

Zakaria alikuwa ameangalia sakafu, na kofia ile ilikuwa imekunjwa mpaka haina umbo. Kisha akasema kwa lugha yetu, taratibu, ili Daktari asielewe:

"Rabeka. Watoto wao hufa."

"Watoto wa nani?"

"Wa sungura. Wanaopewa dawa na wasiopewa. Mama anapona, anakula, na watoto wanatoka wamekauka. Wote. Mimi ndiye ninayewabeba kwa ndoo mpaka kwenye tanuri."

Nilimtazama. Nikakumbuka jioni zote zile, yule mweupe, yule mkubwa, na jinsi nilivyouliza nikajibiwa. Hakuwa amenidanganya neno hata moja.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa na mimba. Ningekuletea watoto waliokufa mezani, wewe una mimba?"

Nataka uelewe, dada. Mimi mwenyewe ningemfukuza mezani. Hata mama yangu angemfukuza. Tulikuwa tumezungushia mimba ile ukuta wa maneno mazuri, mimi, yeye na mama yake, na ndani ya ukuta huo nilikuwa nimejenga matumaini ya miezi mitano ambayo hayakuwa na msingi. Kama ningejua mapema, ningefanya nini? Ningemlilia mapema, basi. Lakini machozi hayo yangekuwa yangu, ningelia kwa wakati wangu, si mbele ya Wazungu wawili wanaongoja jibu.

Nikamgeukia Daktari, nikamwuliza kwa Kiswahili, "Watoto wa sungura wako, wako hai wangapi?"

Alipenga kamasi. Alitazama chupa, akamtazama Zakaria. Hakuwa mtu mbaya. "Hapana," akasema. "Watoto, hapana. Lakini sungura si mtu, mama."

Nilishikilia hayo maneno ya mwisho. Ndiyo, niliyashikilia, nikijua. Nikameza dawa yake, kwa sababu upande mwingine mtoto alikuwa amekwisha kuhukumiwa, na huku kulikuwa na Mzungu mmoja asiye na hakika.

Presha ikashuka. Lazima niliseme hilo, maana ni kweli. Pua iliziba, mwili ukalegea, lakini kichwa kilinyamaza na nyota zikaondoka, na kwa siku chache nililala kama mtu. Daktari wa Sungura alikuja kila asubuhi kuniangalia, anafurahi waziwazi, na wodi nzima ilinitazama kama mwujiza. Kiganja changu kilikuwa tumboni. Mtoto alipiga teke, kisha akapiga hafifu, kisha akawa anajigeuza tu kama mtu anayetafuta mahali pa kulala. Nilimwamsha na maji baridi. Akaamka mara moja. Mara ya pili hakuamka.

Sikumwambia nesi mpaka mchana. Nilitaka kukaa naye kidogo kabla hawajaanza kuninong'onia.

Walinianzishia uchungu kwa sindano. Alikuwa mvulana, mdogo, mwenye nyusi. Nesi alitaka kumpeleka haraka, nikamwambia nikifichwa huyu nitapiga kelele mpaka kifafa kije. Akaniwekea kifuani. Alifanana na Zakaria mdomoni. Zakaria alipoingia, mhudumu alikuwa amekwisha kuleta ndoo, na mume wangu, ambaye sijapata kumwona akimgusa mtu kwa hasira, alimsukuma yule mhudumu hadi ukutani. Akavua koti lake, akamfunga mtoto humo, akatoka naye nje kwenye manyunyu. Daktari wa Sungura ndiye aliyempa ruhusa ya kuzika ng'ambo ya shamba la nyasi la maabara. Alikuja na koleo yake mwenyewe, akachimba pamoja naye. Siwezi kumchukia mtu huyo, ingawa nimejaribu.

Kabla sijatoka waliniambia mimba nyingine itaniua, wakanishauri nifungwe kizazi. Nikafungwa. Uvimbe ulikwisha kabla ya jakaranda kuchanua, viatu vikaingia, subana ikaingia. Mwili hauna adabu. Unapona bila kuuliza.

Ukivimba, dada, nenda siku hiyohiyo. Sema kila kinachouma. Ukiambiwa dawa imefaa, uliza imemfaa nani. Sikuahidi kwamba utapata mtoto. Wengine hupata, na wengine huhamishwa wodi. Ila ujue uko kwenye nini, usiache watu wanaokupenda wakuchagulie.

Zakaria alirudi kazini, maana chumba kilikuwa cha kazi. Jioni ya kwanza tulikaa kula, yeye, mimi na mama mkwe, ambaye alikuwa anangoja gari la moshi la kumrudisha Bunyore. Nikamwuliza habari za sungura.

"Yule mweusi presha imeshuka," akasema.

"Na watoto?"

Mama mkwe aliweka mkono juu ya sahani. "Mwanangu, acha. Hayo hayasemwi humu ndani."

"Humu ndani hakuna mwenye mimba, mama," nikasema. "Mwache aseme."

Zakaria aliutazama ugali. Akasema walikuwa saba, wote wamekufa, mmoja alikuwa amekwisha kuota manyoya, na mama yao alikuwa ameketi juu ya kile kitanda alichokifanya kwa manyoya yake, hataki kutoka. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikanawa tena mikono, nikala.